Nilikuja Kusoma Piano, Nimegeuzwa Kamusi

Jumanne moja, saa nne asubuhi, mwalimu wetu wa historia ya muziki wa Marekani alibonyeza kitufe, wimbo ukakatika katikati, na darasa zima likanigeukia. Watu thelathini na mmoja. Hata yule kijana wa kiti cha nyuma, ambaye tangu muhula uanze tunamjua kwa kofia yake tu, aliinua uso.

Wimbo wenyewe ulikuwa "All Night Long" wa Lionel Richie, wa mwaka 1983. Mnaujua. Kwetu Tanga uliwahi kupigwa harusini mpaka kanda ikatafunwa na redio. Sasa, katikati ya ule wimbo kuna mahali waimbaji wanakiacha Kiingereza na kuingia katika maneno mengine, yana mdundo, yana harufu ya ngomani, na ukiwa mgeni utaapa kwamba ni ya kwetu.

"Tusaidie," mwalimu akasema kwa upole. "Hapo wanasemaje?"

Nikasikiliza. Akarudisha, nikasikiliza tena nikiwa nimefumba macho, maana mtu ukifumba macho unaonekana unajua. Kisha nikasema kweli: hawasemi kitu.

Kimya. Dada mmoja mwenye moyo mzuri akajaribu kuniokoa: labda ni lahaja ya upande mwingine? Hapo nikajua nimeshaharibikiwa. Mtu katoka Afrika, kaulizwa Kiafrika, kasema hajui. Nikaanza kujitetea, na kadiri nilivyojitetea ndivyo nilivyozidi kufanana na mwizi wa kuku aliyekutwa na manyoya mfukoni. Bahati nzuri mwalimu ni mtu wa kutafuta ukweli. Akapekua kompyuta yake, akakuta kwamba Lionel Richie mwenyewe alishasema hadharani kuwa yale maneno aliyabuni tu, hayamo katika lugha yoyote. Darasa likacheka, somo likaendelea. Aliyeniomba radhi hakuna.

Niko Indiana, mwaka wa pili sasa. Indiana ni mahindi. Ukitoka mjini ni mahindi, ukifika mji wa pili umepita mahindi, na wakati wa baridi, yakishavunwa, hubaki nafasi ya mahindi. Jina langu linaanza na M na B zikiwa zimeshikana mikono, na Wamarekani hawawezi kuzipita hizo mbili bila kupumzika katikati, kwa hiyo naitwa kama mtu anayepandishwa ngazi. Nilikuja kusoma piano. Nasisitiza piano, kwa sababu nikihesabu saa nilizokaa kwenye kinanda na saa nilizokaa kutafsiri, nadhani chuo kinanidai ada kidogo kuliko ninavyokidai mimi mshahara.

Kosa la kwanza nililifanya mwenyewe, kwenye fomu ya maombi. Niliandika kwamba nimekulia katika jazz. Sikudanganya! Tanga ilikuwa na Atomic Jazz, ilikuwa na Jamhuri Jazz, na Baba alizicheza zote mbili mpaka soli zikaisha. Nchi nzima ilikuwa ya jazz: Morogoro Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, Tabora Jazz. Wiki ya kwanza nikaombwa niwasikilizishe wenzangu jazz ya nyumbani. Nikaweka Atomic. Magitaa yakaanza kusemezana, watu wakaanza kutikisa vichwa, nami nikavimba kidogo kwenye kiti. Ulipokwisha, mwalimu akasema taratibu, kama daktari anayeleta majibu: "Mzuri sana. Ila hii si jazz." Ni rumba, akasema, mama yake ni Cuba, na ilifika Afrika kwa santuri zilizoanza kuletwa miaka ya 1930. Nikamwambia kwetu neno jazz lilikuwa na maana ya bendi, basi. Akaliandika daftarini. Mimi nikabaki kama mtu aliyeambiwa kuwa shangazi yake si shangazi yake.

Baada ya Lionel Richie nilidhani tumemalizana. Alhamisi akaja Michael Jackson.

Kwenye albamu ya Bad, ya mwaka 1987, kuna wimbo unaitwa "Liberian Girl", yaani msichana wa Liberia. Mwanzoni kabisa mwanamke ananong'ona, na safari hii kweli ni Kiswahili. Huyo ni Letta Mbulu, mwimbaji mkubwa wa Afrika Kusini. Sasa fuatana nami polepole: Mmarekani anampenda msichana wa Liberia, kwa hiyo amemtafuta mwanamke wa Afrika Kusini, aseme Kiswahili. Ukitaka kutoka Monrovia uje Tanga inabidi uikate Afrika nzima kwa upana wake. Liberia wana Kiingereza chao cha serikali, wana Kikpelle, wana Kibassa, na sijawahi kusikia wamelalamika kukosa Kiswahili.

"Anasemaje?" mwalimu akauliza.

"Mapenzi," nikamjibu. "Sarufi imeteguka kifundo, lakini nia inaeleweka."

"Na kwa nini Kiswahili?"

Hilo sikuwa na jibu lake. Nililipata Desemba, kwa njia ya fedheha.

Chuo kilikuwa kimefungwa, mabweni yamenyamaza, na mama mmoja Mmarekani Mweusi, mstaafu anayejitolea kuwapa wanafunzi wa kigeni makoti ya mitumba, akanialika kwenye Kwanzaa. Nilikuwa sijawahi kuiona. Nilipoona jina limeandikwa kwenye bango ukumbini, kitu cha kwanza nilichofikiria ni kwamba A moja imezidi. Nikaambiwa ni makusudi: sikukuu hii ilianzishwa mwaka 1966 huko California na Maulana Karenga, jina limetoka kwenye "matunda ya kwanza", na ile A iliongezwa ili herufi ziwe saba, maana siku hiyo ya mwanzo kulikuwa na watoto saba na kila mmoja alitakiwa ashike herufi yake. Haya. Mtoto wa saba asikose herufi kwa sababu ya sarufi yangu.

Mama yule akanipokea mlangoni, kavaa kitenge kizuri kuliko vyangu vyote, akanyoosha mikono na kusema kwa sauti ya ukumbi mzima: "Habari gani?"

Jamani. Miezi minne nilikuwa sijasalimiwa kwa lugha yangu. Machozi yakanilenga. Nikainama kidogo, nikajibu kwa adabu zote nilizofundishwa: "Nzuri, mama. Shikamoo."

Kimya kilekile cha darasani. Watoto wakanitazama kwa huruma. Msichana wa miaka kama sita akanivuta shati na kunifundisha: ukiulizwa "Habari gani?" unajibu jina la siku. Leo ni tarehe 29, siku ya nne. Jibu ni "Ujamaa!"

Yaani nimefeli salamu. Mtu wa Tanga, kwenye Kiswahili, nimefeli salamu, nikasahihishwa na mtoto ambaye meno ya mbele hana.

Kuhusu hiyo Ujamaa yenyewe wakaniomba niseme machache, mimi niliyetoka kwenye chanzo. Nikasimama mbele ya mishumaa saba nikiwa na kumbukumbu moja tu kichwani, ya Baba akisimulia foleni ya sukari kwenye duka la kaya, jinsi alivyoweka jiwe lishike nafasi yake, akarudi akakuta mawe yameongezeka na lake limesogezwa nyuma. Nikaona si hadithi ya sikukuu. Nikasema Ujamaa ni kitu kizuri. Wakapiga makofi.

Wakati wa kula ndipo nilipomuuliza yule mama swali la mwalimu. Mababu zao waliopandishwa merikebuni walitoka Afrika ya Magharibi na ya Kati kwa wingi mno. Pwani yetu ilichangia kidogo sana. Kwa nini basi Kiswahili? Akaweka uma chini. Akasema: "Mwanangu, mimi sijui kama bibi yangu mkuu alikuwa Mmende au Mkongo. Hakuna aliyetuandikia. Tukichukua Kiyoruba, wengine watasema na sisi je? Kiswahili hakikuwa cha yeyote kati yetu, kwa hiyo kilikuwa cha wote. Na Nyerere wenu alikuwa anaongea kama mtu asiyemwogopa mtu."

Sikuwa na la kuongeza. Nikala viazi vitamu, ambavyo huku huvipika na sukari kana kwamba jina halijawatosha.

Nilipomsimulia Baba kwa simu, hakushangazwa na Kwanzaa. Kilichomchangamsha ni bendi ya Herbie Hancock. Huyu ni mpiga piano, mmoja wa sababu za mimi kuwa huku. Mwaka 1971 alitoa albamu inayoitwa Mwandishi, na Mwandishi lilikuwa jina lake mwenyewe, maana yeye na wenzake walijipa majina ya Kiswahili bendi nzima.

"Nitajie kikosi," Baba akasema. Baba kila orodha kwake ni kikosi.

"Piano, Mwandishi."

"Sawa. Anaandika nyimbo."

"Besi, Buster Williams, anaitwa Mchezaji."

"Namba ngapi?"

"Baba, anacheza besi. Kwenye dramu, Billy Hart, anaitwa Jabali."

"Hapo simama. Jabali la Muziki ni mmoja tu, Marijani Rajabu. Huyo wa pili kasajiliwa wapi?"

"Saksafoni, Bennie Maupin, anaitwa Mwile."

"Ndiyo nini?"

"Sijui, Baba. Nadhani walikusudia mwili. Tarumbeta, Eddie Henderson, anaitwa Mganga."

"Wa kienyeji au wa hospitali?"

"Wa hospitali. Ni daktari wa kweli, ana shahada."

"Enhe."

"Tromboni, Julian Priester. Anaitwa Pepo Mtoto."

Simu ikanyamaza nikadhani salio limekwisha.

"Rudia."

"Pepo Mtoto."

"Na mganga yumo humohumo kwenye bendi?"

"Yumo."

"Basi ndiyo maana wamemwajiri," Baba akasema, na akaanza kucheka kile kicheko chake cha kifuani ambacho Mama hukisikia akiwa uani na kuuliza kuna nini.

Nikamweleza kwamba wao walikusudia roho ya mtoto, kitu chepesi na safi, na kwamba muziki wenyewe ni mkubwa: wimbo wa kwanza wa albamu ile una mapigo kumi na tano kwa mzunguko, nami nimejaribu kuuhesabu kwa vidole nikaishiwa mkono. Hakusikia. Alikuwa anamsimulia Mama kuhusu pepo.

Aliyewagawia majina hayo sikumtajia siku hiyo. Nilimtajia wiki iliyofuata, na nikajuta. Ni mpiga tumba mmoja aliyekuwa katika kundi la Karenga, akajiita James Mtume. Miaka ya mwanzo ya 1970 alimpigia Miles Davis; kisha akaunda bendi yake, akaiita Mtume pia, na mwaka 1983 wakatoa "Juicy Fruit", wimbo wa mahaba wa namna ambayo ukiwa sebuleni na wakwe unatafuta rimoti. Miaka kumi na moja baadaye marehemu Notorious B.I.G. akachukua mdundo wake akatengeneza "Juicy", na huo hata wadogo zangu wanaujua.

"Mwanangu," Baba akasema kwa sauti ya chini, kama vile sheikh yuko dirishani, "hiyo ya Mtume usiisimulie ukirudi."

Na kuna albamu nyingine ya watu haohao, iliyotoka mwaka 1970, inaitwa Kawaida. Kwa Karenga, Kawaida ni falsafa nzima, mila na akili pamoja. Kwetu ukimuuliza mtu mambo vipi akajibu "kawaida", maana yake hela hana na hataki uendelee kuuliza.

Nisiseme mengi, lakini hili lazima nilitoe moyoni. Mwaka 1977 Wamarekani walirusha vyombo viwili angani, Voyager, kila kimoja kikiwa na santuri ya shaba iliyopakwa dhahabu. Chuck Berry yumo na gitaa lake. Louis Armstrong yumo. Blind Willie Johnson yumo, mtu aliyekuwa kipofu na fukara Texas, sasa yuko mbali kuliko binadamu yeyote atakapofika. Na salamu zimo, za lugha 55. Nikazipekua moja baada ya nyingine. Kiganda kimo. Hongereni. Kinyanja kimo. Kisumeri kimo, lugha ambayo mtu wake wa mwisho alikufa kabla ya Masihi. Kiswahili hakimo! Yaani tumekopeshwa kwenye bendi, kwenye mishumaa, kwenye kitanda cha msichana wa Liberia, halafu siku ya kuwasalimu viumbe wa sayari nyingine, mahali pekee ambapo "hodi" ingefaa, tumeachwa nje.

Machi tukapelekwa ziara. Basi la manjano la shule, kiti kimetengenezwa kwa mtoto wa darasa la tatu, magoti yangu masikioni, mpaka mji wa Richmond, mashariki kabisa ya Indiana. Huko, bondeni kando ya mto, kulikuwa na kiwanda cha piano kilichoitwa Starr, na ndani yake studio ya Gennett. Leo limebaki gofu la matofali lenye nembo ya Gennett ukutani, na kwenye njia ya miguu wametandaza sahani kubwa za mapambo zenye sura za wanamuziki. Upepo ulikuwa unatoka mtoni kama una deni nasi.

Hapo, Aprili 1923, King Oliver na Creole Jazz Band yake walifika kutoka Chicago kurekodi. Koneti ya pili, ile tarumbeta fupi, ilishikwa na kijana wa New Orleans mwenye umri wa miaka 21, Louis Armstrong, na hizo ndizo santuri zake za kwanza kabisa. Maikrofoni ya umeme ilikuwa haijaingia studio. Mnapiga mbele ya pembe kubwa, sauti inakusanywa humo, inatikisa sindano, sindano inachora kwenye nta. Mwenye sauti ndogo anasogea, mwenye sauti kubwa anarudishwa nyuma. Armstrong alirudishwa, akarudishwa tena, mpaka, kama wanavyosimulia, akawa kasimama mbali na wenzake kama mtoto aliyeadhibiwa. Na reli ilipita hapohapo ubavuni mwa studio. Treni ikija, kila kitu kinasimama. Watu wanashusha ala, wanasubiri behewa la mwisho lipite, wanaanza upya.

Hiyo habari niliipenda. Ile iliyofuata sikuipenda. Indiana ya wakati huo ilikuwa ngome ya Ku Klux Klan, nao Klan walikuwa na nyimbo zao, na walipotaka santuri waliagiza hapohapo Gennett wakalipa. Mashine ileile iliyokandamiza Armstrong asubuhi, jioni ilikandamiza nyimbo za watu waliotaka Armstrong asikanyage mjini. Mwenye kiwanda alikuwa anauza santuri.

Tukiwa tumesimama pale tunatetemeka, mwalimu akanigeukia. Wote wakanigeukia. "Wewe unajisikiaje kuwa mahali hapa?"

Nilitaka kujibu vizuri, wallahi. Lakini babu yangu mwaka 1923 alikuwa Muheza anakata mkonge wa Mzungu. Hakuwa kwenye treni ya King Oliver. Uchungu wake ulikuwa mwingine, una miiba mingine. Nikasema najisikia baridi.

Kijana mmoja wa Detroit, Mweusi pekee mwingine darasani, akanisogelea tulipokuwa tunarudi kwenye basi. "Asante," akaninong'oneza. "Kawaida huwa wananiuliza mimi. Leo nimepumzika."

Basi nikaingia darasani wiki iliyofuata nikiwa nimejaa hoja. Nilikuwa nimeshaandika kurasa nne za insha ya muhula: Wamarekani wanachukua vya watu bila kuuliza, wanavivaa ndani nje. Nilikuwa na Letta Mbulu, nilikuwa na Pepo Mtoto, nilikuwa na hasira safi. Kisha mwalimu akaweka santuri ya Jimmie Rodgers.

Huyu anaitwa baba wa muziki wa kantri. Mzungu wa Mississippi, aliyefanya kazi ya breki kwenye treni, na ni kwa vibarua Weusi wa reli alikojifunzia bluzi. Juu ya bluzi hizo akaweka ule uimbaji wa kuvunja sauti kooni, ya kifua ikaruka ghafla kuwa ya kichwani, kama jogoo anayebalehe. Alirekodi kwa mara ya kwanza mwaka 1927 mjini Bristol, mpakani mwa Tennessee na Virginia. Mwaka 1930 alirekodi "Blue Yodel No. 9", na anayempigia tarumbeta humo ni Louis Armstrong yuleyule, piano ni mkewe Lil Hardin, wote wawili bila kutajwa kwenye lebo. Nikaandika pembeni ya daftari: nao pia!

Halafu mwalimu akasema ana zawadi yangu. Akaweka kinubi kinachocheza taratibu na sauti za wasichana. Ilirekodiwa mwaka 1950 na Hugh Tracey, Kapkatet, upande wa Kericho, Kenya. Wasichana ni Wakipsigis, na wanamwimba mtu anayeitwa Chemirocha.

"Wanasemaje?" akauliza.

"Hicho ni Kikipsigis."

"Lakini ni jirani."

"Mwalimu, jirani ndiyo, lakini hata paka wa jirani simwelewi."

Akanielezea yeye. Gramafoni ilikuwa imefika vijijini, na humo ndani mtu alikuwa anaimba kwa sauti isiyokuwa ya mtu kamili. Jina lake Jimmie Rodgers, ulimi wa Kikipsigis ukalilainisha likawa Chemirocha. Na mtu mwenye sauti ya kurukaruka namna ile, kwa maelezo aliyoyaacha Tracey, lazima awe nusu mtu, nusu paa. Wakamtungia wimbo.

Darasa likacheka kwa furaha, nami nikacheka, na nikiwa katikati ya kicheko nikamkumbuka Baba.

Baba yangu alikuwa gadi wa treni ya Tanga kwenda Arusha. Ana santuri saba za mtu anayemwita Jimu Rivu. Hizo tumekua nazo. Jumapili asubuhi haziguswi na mtu mwingine. Na sababu ya kumpenda Jimu Rivu, ametuambia miaka yote, ni kwamba alikuwa mwenzao, mtu wa reli, aliyeacha breki akashika gitaa. Ukimwangalia Baba akisikiliza, utaona mguu wake unafuata mataruma.

Jim Reeves hakuwa mtu wa reli. Alikuwa mchezaji wa besiboli, akawa mtangazaji wa redio, akawa mwimbaji, akafa kwa ajali ya ndege mwaka 1964. Mtu wa reli alikuwa Jimmie Rodgers. Mahali fulani kati ya Tanga na Korogwe, ndani ya behewa la gadi, majimu wawili walikuwa wameunganishwa wakawa mtu mmoja, kichwa cha huyu na kiwiliwili cha yule.

Kurasa zangu nne nikazikunja.

Nikampigia simu, kwa ujinga, nikamsahihisha. Miaka arobaini ya urafiki nikaikata kwa dakika mbili. Akasema, "Haya." Akasema Mama anamwita. Mama hakuwa anamwita, Mama alikuwa sokoni, najua kwa sababu alinipigia baadaye kuuliza nimemwambia nini mzee mpaka hataki uji.

Siku ya tatu ikaja meseji: "Huyo wa reli. Nitumie."

Nikamtumia nyimbo nne bila maelezo yoyote. Mbili za mwanzoni, mojawapo ikiwa "Waiting for a Train" ya mwaka 1928, nikijua ataitambua honi. Mbili za mwisho kabisa, za Mei 1933. Baba Kiingereza chake ni cha kazini: stop, go, ticket. Cha Mississippi hakijui kabisa.

Ujumbe wa sauti ukaja usiku kwangu, alfajiri kwake, nasikia adhana kwa mbali nyuma yake.

"Mwanangu, nimemsikia. Ni mtu wa reli kweli, hakuna ubishi, huyo anajua treni. Lakini hizo mbili za mwisho mtu huyu anaumwa. Nimelala behewa moja na watu wa injini miaka mingi, kikohozi nakijua kabla hakijatoka. Anavuta pumzi mahali ambapo wimbo haujamruhusu. Hapo studio hakuna mtu wa kumwambia aende hospitali?"

Nikarudia kumsikiliza Jimmie Rodgers kwa spika za masikioni, gizani, mara tatu. Ni kweli. Kwenye mstari wa pili unaisikia.

Nikamwandikia Baba kwamba alikuwa na kifua kikuu, kwamba wiki hiyo studio waliweka kitanda ajinyooshe kati ya wimbo na wimbo, na kwamba alifia hotelini New York tarehe 26 Mei 1933, siku mbili baada ya kurekodi wimbo wa mwisho, akiwa na miaka 35.